Nyumba ya Mulekera Haipimwi

Zorobabel hakubishana hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Jokébed wasiwasi.

Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya duka lake la vifaa vya ujenzi, katikati ya Butembo. Mbele yake walikuwa watu wawili waliotumwa na tribunal, mahakama ya mji: Jokébed, inspekta wa polisi ya upelelezi, na Phinées, mtaalamu wa kukadiria thamani ya majengo. Virginie, mke wa Zorobabel, alikuwa ameomba talaka, na jaji alitaka kujua thamani ya kila nyumba ya kupangisha waliyoichuma pamoja kabla hajazigawa.

"Zile za hapa Butembo, andika zote kwa Virginie," alisema Zorobabel. "Na ile tunalalamo pia. Mimi sina neno."

Phinées aliinua kichwa. "Zote, papa? Hata ile ya ghorofa, kando ya soko?"

"Niko nasema zote. Ila ile ya Mulekera, kule Beni, muiache. Hapana kuipima."

"Juu ya nini?" aliuliza Jokébed.

"Ni ruines, Mama Inspecteur. Iliungua mu vita. Manjanja ya juu, yale mabati, basoda wa jeshi walibeba yote. Munaenda kupima majani?"

"Kama ni majani, haitatukawiza."

Zorobabel alitazama barabarani, ambako kijana alikuwa akisukuma chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, iliyojaa mkaa. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye shingo nene na sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Asubuhi hiyo Butembo ilikuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili, lakini juu ya mdomo wake jasho lilimetameta.

"Barabara ni mubaya," alisema. "Mutakufa juu ya ukuta moja?"

Jokébed alikuwa amechunguza kesi nyingi za talaka. Aliwahi kukuta waume walioandikisha nyumba kwa majina ya wadogo zao, na mmoja aliyeng'oa milango na madirisha kabla ya wapimaji kufika. Lakini hakuwahi kumwona mwanamume anayetoa jengo la ghorofa ili abaki na majivu.

"Tutaenda kesho," alisema kwa sauti ya kawaida, akamuaga.

Walipofika kwenye gari alimgeukia Phinées. "Washa. Tunaenda sasa hivi, mbele hajatuma mutu kule."

Virginie alikuwa akiwangoja upande wa pili wa barabara, kama sheria ilivyompa haki ya kuwapo nyumba zinapopimwa. Alikuwa mwembamba, na kitenge chake kilikuwa bado cheusi, ingawa miaka miwili ilikuwa imepita tangu msiba.

"Bwana yangu iko na mwanamuke kule," alisema gari lilipoanza kupanda mlima wa kutokea mjini. "Miye najua. Kila mwezi anaenda Beni, anarudiaga na uso ya mutu mwenye ameshiba."

"Ulianza lini kumushuku?" aliuliza Jokébed.

"Ku matanga ya Élysée."

Élysée alikuwa mtoto wao wa kwanza, dereva. Wanajeshi wa mouvement, kundi lenye silaha lililoshika eneo hilo, walimchukua kwa nguvu awaendeshee lori lao, na lori hilo likashambuliwa karibu na Kanyabayonga, likawaka moto. Zorobabel alikwenda peke yake kuleta maiti. Alirudi na sanduku lililokwisha kupigiliwa misumari.

"Sikuona hata mukono ya mutoto wangu," Virginie alisema. "Alisema hakuna kitu ya kuona. Sawa. Mais ku matanga, inspecteur, huyu mwanaume hakulia. Tulikuwa tumelala chini, miye na ndugu zangu, na yeye alikuwa anakula. Alimaliza bugali, akaomba ingine. Siku ile niliapa sitazeeka pamoja na yeye."

Njiani walisimamishwa mara kadhaa. Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya Beni, mwanajeshi aliyeshika bunduki alichungulia chini ya viti, akafungua hata sanduku la vifaa vya Phinées. "Tunatafuta badezerteri, wale walikimbia jeshi," alisema, kisha akainua kamba.

Nyumba ya Mulekera haikuwa magofu.

Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imepigwa chokaa, na mabati yake mapya yaliwaka kwa jua la mchana mpaka Phinées akakinga macho. Uzio wa mbao ulikuwa mrefu kuliko wa majirani wote. Jokébed alimwendea mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo ng'ambo ya njia, akamsalimu na kumwuliza ni nani anayekaa pale.

"Dada moja hivi, wa ku lac, kule ku ziwa," mama yule alisema. "Anauzisha samaki. Hana batu. Ni bwana moja tu mukubwa wa Butembo njo anakuyaka na gari, anamuletea chakula na sabuni, halafu anaenda."

"Munasikia!" Virginie alipiga makofi. "Munasikia wenyewe!"

Aliyewafungulia lango alikuwa msichana mfupi, mchangamfu wa uso, aliyejifunga kitenge kifuani, mwenye magamba ya samaki mikononi. Alipoiona barua ya tribunal, uchangamfu ule ulimwishia. Alisema anaitwa Bénite, mtu wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, na kwamba yeye ndiye mpangaji.

"Unaikaliaka peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Unalipa pesa ngapi kwa mwezi?"

Bénite alifungua mdomo, akatazama ndani ya nyumba, akaufunga. "Papa Zorobabel njo anajua."

"Mpangaji mwenye hajui bei ya nyumba," Jokébed alisema polepole. "Sawa. Phinées, anza."

Phinées alianza kuvuta utepe wake ukutani. Jokébed hakumfuata. Alizunguka ua. Juu ya jiwe karibu na jiko kulikuwa na betri za redio zimeanikwa juani, kama watu wanavyofanya zinapoanza kuishiwa nguvu. Alizigusa.

"Radio iko wapi?"

"Radio gani? Sina radio, mama."

Jokébed aliingia ndani, akapita sebuleni, akafika kwenye chumba cha nyuma. Dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa mbao, na mbao zilipigiliwa kutokea ndani. Mlango ulikuwa na komeo la chuma, nalo pia lilikuwa upande wa ndani. Mtu anayeogopa wezi hufunga mlango wa mbele. Huyu alikuwa amefunga mlango wa chumba. Ukutani ulining'inia kioo kidogo, na Jokébed, aliyekuwa mrefu kuliko wanawake wengi, alilazimika kuinua kidevu ili ajione.

"Bénite, kuja. Simama hapa. Unajiona?"

Msichana alisimama chini ya kioo. Hata akikanyaga kwa ncha za vidole, asingeona zaidi ya nywele zake.

"Sijiangaliaka sana," alinong'ona.

"Mama Inspecteur," Phinées aliita kutoka mlangoni, akitazama juu. "Kuko kitu hapa. Nyumba nzima haina plafond, haina dari, unaona manjanja moja kwa moja. Mais hii chumba imewekewa plafond ya mbao, tena nzito. Mutu anatengenezaje chumba ya nyuma na anaacha salon?"

Kabla Jokébed hajajibu, Virginie alikuwa amemrukia Bénite. Alimkamata kitenge kwa mikono miwili, akamsukuma mpaka ukutani.

"Miye nilikuwa nalia mutoto wangu, na weye uko unakula na bwana yangu! Utaniambia leo! Alianza kukuyaka hapa lini? Mbele ya matanga? Sema!"

"Mama, hapana vile, naomba…"

"Sema!"

"Mama, umuache. Bénite hana kosa."

Sauti ilitoka juu.

Mikono ya Virginie ilibaki pale pale, imeshika nguo, lakini haikuvuta tena. Ubao mmoja wa dari ulisogezwa pembeni, vumbi likamwagika, miguu miwili mirefu ikaning'inia hewani. Kijana alijiachia, akatua sakafuni. Ndevu zake zilikuwa zimenyolewa vizuri. Ngozi yake ilikuwa imepauka kwa kukosa jua, kama mche uliofunikwa na sufuria.

Utepe ulimponyoka Phinées, ukajikunja wenyewe kwa kelele mpaka kwenye kopo lake. Mkono wa Jokébed ulikuwa tayari umeshika bastola. Aliuondoa pole pole, kwa sababu uso wa kijana ulikuwa uso wa Virginie mtupu: paji lile lile, macho yale yale yaliyokaa mbalimbali.

Virginie hakupiga kelele. Alimwachia Bénite, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukuta ukamzuia.

"Nilikuzikaka," alisema. "Niliweka udongo na hii mukono."

Kijana alimtazama bila kumsogelea, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa mtu aliyekasirika kwa muda mrefu. "Sasa njo unakuya? Miaka mbili, mama. Papa anakuya kila mwezi. Weye hata salamu hapana. Hata moja."

"Salamu gani? Ya kutuma wapi, Élysée? Ku makaburi?"

"Unajua niko hapa. Papa aliniambia unajua. Alisema unaogopa kukuya, basoda batakufuata."

Jokébed alimwona kijana akianza kuelewa: macho yalishuka kutoka uso wa mama mpaka kwenye kitenge cheusi, yakabaki hapo.

"Hakukuambia," alisema.

Virginie alikaa chini. Alinyoosha mkono, akaushika mguu wa mwanawe, akaanza kukiminya kidole kimoja baada ya kingine, kana kwamba anahakikisha vyote vipo. "Nyamuhanga," alikuwa akimwita Mungu kwa lugha ya kwao, "Nyamuhanga wangu, Nyamuhanga," na hakusema jingine.

Jokébed alitoka uani, akahakikisha lango limefungwa, akarudi na kumweka Phinées mlangoni. Kisha alichuchumaa mbele ya Élysée.

"Nani anajua uko hapa?"

"Papa na Bénite. Basi."

"Kule Kanyabayonga kulikuwa nini?"

"Camion ilikuwa inachemuka. Nilishuka mu bonde kuteka maji ya radiateur. Nilikuwa sijarudi, nikasikia masasi, halafu camion yote ikawaka. Nilikimbia tu. Niliogopa wale wenye walitupiga, na niliogopa basoda betu pia, bangeniita dezerteri. Nilitembeaka mu pori, nikitafuta njia ya nyumbani."

"Papa yako alikukuta wapi?"

"Huku Lubero, kando ya barabara. Nilijua gari yake, nikatoka mu majani nikaisimamisha. Alikuwa anatoka kunibeba." Élysée alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Sanduku ilikuwa nyuma, mu gari. Commandant alikuwa amemupatia mwili, kwa sababu ilikuwa inavaa koti yangu. Papa aliniona, akaanguka. Alilia, mama. Alilia sana siku ile, nilifikiri atakufa. Halafu alinyamaza. Alisema: bameisha kukuandika mu wafu. Mutu mwenye amekufa, hakuna mwenye anamutafuta."

Virginie aliinua uso. "Alilia?"

"Alilia."

Jokébed alikuwa bado hajasogea. Kulikuwa na swali ambalo wote walilipita, na kazi yake ilikuwa kulirudia.

"Élysée. Sanduku ilizikwa, na haikuwa tupu. Ni nani alikuwa mule ndani?"

Kijana aligeuzia uso ukutani.

"Ni nani alikuwa anavaa koti yako?"

"Convoyeur wangu. Ule wa kupanda juu ya mizigo. Kulikuwa baridi, nilimuachia koti, nikamwambia abakie mu cabine." Alifumba macho. "Jean-de-Dieu."

Karibu na ukuta, mahali Virginie alipokuwa amemwachia, Bénite alikuwa akijifunga upya kitenge chake. Mikono yake ilisimama.

"Jean-de-Dieu wa wapi?" aliuliza.

Élysée alitazama sakafu.

"Élysée. Nakuuliza. Jean-de-Dieu wa wapi?"

"Wa Kyavinyonge."

"Hapana," alisema Bénite, tena kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto. "Kaka yangu iko Kisangani. Papa Zorobabel njo alimupatia kazi. Alikuya kwetu yeye mwenyewe kutuambia. Mama alikuwa mugonjwa, alikaa na yeye mule ndani mpaka jua ikazama, halafu akasema Jean-de-Dieu iko muzima, iko Kisangani, na kwamba anatafuta musichana wa kumuchungia nyumba…"

Jokébed aliona sura yote ya jambo hilo. Zorobabel hakwenda ziwani kutafuta mtumishi. Alikwenda kusema ukweli. Alimkuta mama mgonjwa, ukweli ukamkwama, na badala yake akatoa kazi.

"Ulijua?" Bénite alimwuliza Élysée. "Nilikuwa nakupikia. Nilikuwa nakuchotea maji, nakudanganyia basoda ku mulango. Ulijua?"

"Kila siku nilikuwa nataka kusema."

Bénite hakulia. Aliegemea ukuta, akashuka taratibu mpaka akakaa, magamba ya samaki yakimeta kwenye vidole vyake. Virginie alimtambaalia. Mikono iliyomkaba muda si mrefu ilimshika mabega.

"Mutoto, unisikilize," alisema. "Kaka yako hakutupwa. Miye njo nilimulilia. Alizikwa mu sanduku ya libuyu, mbao ya bei, padiri alisoma misa, batu walijaa mpaka ku barabara. Kila siku ya wafu nilikuwa namupelekea maua."

"Kwa jina ya nani?" aliuliza Bénite.

Virginie aliyaachia mabega yake.

Phinées alikohoa mlangoni. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Mama Inspecteur… miye niandike nini?"

"Andika ukuta, andika manjanja, andika bei ya nyumba." Jokébed alisimama. "Mwenye anakaa ndani ni musichana moja. Miye sikutumwa kutafuta basoda. Nilitumwa kupima nyumba." Kisha akamgeukia Élysée. "Hapa hapakufai tena. Jirani ametuona, na kelele amesikia. Kasindi si mbali, na ng'ambo ya Kasindi ni Uganda. Kesho, mbele jua haijainuka, nisikukute hapa."

Mama na mwana waliagana ndani, mlango umefungwa. Alipotoka, Virginie alikuwa na alama za kucha zake mwenyewe kwenye viganja.

Jioni walimkuta Zorobabel dukani, akiwa peke yake. Aliwaona wanawake watatu wakiingia, mmoja baada ya mwingine, na alipomwona wa tatu, Bénite, akashika meza.

"Élysée iko salama?" aliuliza.

"Yuko njiani," alisema Jokébed. "Sema, papa. Sasa ni wakati."

Lakini aliyeuliza alikuwa Virginie. "Juu ya nini hukuniambia? Miye mama yake?"

"Commandant alikuya ku matanga, Virginie, unakumbuka? Alikaa mbele yako. Hakuniangalia miye, alikuwa anakuangalia weye. Wale batu banajua machozi ya bongo, ya uongo. Kama ungelikuwa unajua, angekusoma, na wangemupiga Élysée risasi mbele ya mulango yetu."

"Na nyuma, matanga ilipoisha? Miaka mbili yote?"

Zorobabel alitikisa kichwa. "Kila mwezi nilisema, mwezi hii nitamwambia. Ilikuwa imeisha kuwa kubwa. Sikujua tena pa kuianzia."

"Ulimuokoa," alisema Virginie. "Nakupa hiyo, na nitakushukuru mpaka nife. Mais uliniangalia nikilala chini, ukaomba bugali ingine. Mbele nilikuwa nataka manyumba. Sasa manyumba yako siitaki tena. Nataka divorce."

Mzee yule alipokea neno hilo bila kuinua mkono. Ndipo Bénite alipozungumza.

"Papa, mama yangu anakuombeaga kila Jumapili. Anasema weye njo mutu mwenye ametusaidia."

Zorobabel alifunika uso kwa mikono yake mikubwa.

"Utaenda kumwambia weye mwenyewe," alisema Bénite. "Kwa mudomo yako."

Jokébed alikuwa na haki ya kumweka ndani usiku huo. Kumzika mtu kwa jina la mwingine ni kosa, na hakukuwa na namna ya kulipita. Badala yake alimwambia ajitayarishe, na palipopambazuka walishuka wote kuelekea ziwani: Zorobabel mbele pamoja na Phinées aliyeendesha, wanawake nyuma.

Kyavinyonge ilikuwa imejaa harufu ya moshi na samaki. Mitumbwi ilikuwa imekwisha kurudi. Mama yake Bénite, mwanamke mzee, miguu imevimba, alikuwa ameketi nje ya nyumba ya udongo akipasua tilapia. Alilitambua gari kabla hata halijasimama. Alitupa kisu, akajifuta mikono kwenye nguo, akainuka kwa shida, huku akicheka na kuita majirani.

"Papa Zorobabel! Batu, mukuye muone! Papa yetu amefika!"

Zorobabel alishuka. Alivua kofia, akaishika kifuani.

Mama yule alimwona Bénite akishuka kwa mlango wa nyuma, akapiga vigelegele. Akampita Zorobabel, akampita na binti yake, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari. Aliinama, akaingiza kichwa, akatazama kiti kimoja hadi kingine.

"Na kaka yake?" aliuliza, uso ungali unacheka. "Mumemuacha wapi?"

Nyuma yake, Zorobabel alipiga magoti mchangani.